Gunia la mbegu ya Shangi lenye lebo ya KEPHIS: tathmini kwa mwenye bustani

Masika yakikaribia, gunia la kilo 50 la mbegu ya viazi aina ya Shangi, lililoshonwa mdomo na kuwekewa lebo ya KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea na mbegu, huwa linaulizwa sana katika maduka ya pembejeo ya nyanda za juu za Kenya. Bei yake huwarudisha wengi nyuma. Hatua chache kutoka dukani kuna viazi vya sokoni vya aina hiyohiyo, umbo lilelile na rangi ileile, kwa pesa kidogo zaidi. Tofauti hiyo ya bei inarudi? Inarudi, kwa masharti mawili: udongo wako usiwe na mnyauko, ugonjwa wa bakteria unaonyausha mimea, na gunia lifunguliwe siku linapofika nyumbani. Sharti moja likikosekana, ni heri ununue vile vya sokoni uvile.

Tathmini hii inamlenga mwenye bustani ya mboga ya nyumbani, kuanzia kipande cha mita chache hadi robo ekari, anayeishi mahali penye baridi ya kutosha. Viazi hutaka mwinuko wa kama mita 1,500 kwenda juu: Limuru, Nyandarua, Molo, Meru ya juu, Elgeyo, Bomet, na upande wa Tanzania Njombe, Mbeya na miteremko ya Kilimanjaro. Aliye Mombasa, Tanga au Unguja asijisumbue na gunia hili. Usiku wa pwani ni wa joto mno. Mmea hutoa majani mengi ya kupendeza na chini ukakuta vitu vya ukubwa wa gololi.

Kilichomo ndani ya gunia

Shangi ilienea kwanza mikononi mwa wakulima wenyewe, jirani kwa jirani, kabla haijaingizwa rasmi kwenye orodha ya aina za mbegu nchini. Hivyo gunia lenye lebo halikuuzii aina mpya, linakuuzia afya. Mbegu hii huanzia kwenye miche safi ya maabara, ambayo hukuzwa ndani ya nyumba za wavu hadi itoe viazi vidogo vidogo, mara nyingine mizizi ikining'inia hewani na kunyunyiziwa maji yenye virutubisho bila udongo wowote. Viazi hivyo vidogo hupandwa shambani msimu baada ya msimu ili kuongeza wingi, na kila msimu wa shambani hushusha daraja la mbegu, kwa sababu virusi na bakteria havikosi pa kupenya. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Tigoni karibu na Limuru, shirika la serikali la ADC kule Molo, na mashamba binafsi kama Kisima ya Timau, ndio majina utakayokutana nayo mara nyingi kwenye lebo. Wakaguzi wa KEPHIS hutembelea shamba mimea ikiwa bado mibichi, hupima sampuli maabara, kisha hukagua viazi vyenyewe baada ya kuvunwa.

Lebo isome kabla hujatoa pesa. Iwe imeshonwa pamoja na mdomo wa gunia, na uzi usiwe umekatwa ukarudiwa. Ionyeshe aina, daraja, namba ya fungu na mzalishaji. Muuzaji anayekufungulia gunia na kukupimia kilo kumi kwenye mfuko wa plastiki huenda ni mwaminifu kabisa, lakini ulichobeba hapo hakina ushahidi wowote. Kama gunia zima ni kubwa kwako, tafuta majirani wawili mnunue pamoja na mlifungulie nyumbani.

Ukifika, mwaga vyote kwenye turubai safi kivulini. Viazi vya mbegu vinatakiwa viwe vya ukubwa wa yai la kuku, milimita 28 hadi 60 kwa upana. Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosa: ukubwa wa mbegu ndio unaoamua gunia litafika wapi. Kiazi cha milimita 45 kina uzito wa kama gramu 50, kwa hiyo gunia lina viazi kama 1,000. Kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mbegu, hiyo ni bustani ya mita 15 kwa 15: mistari 20, kila mmoja mashimo 50. Gunia likiwa na viazi vikubwa vya milimita 55 utapata kama 500 tu, na nusu ya bustani itabaki wazi. Likiwa na vidogo vya gramu 30 utapata zaidi ya 1,600. Vikubwa hutoa mashina mengi zaidi kwa kila shimo na huvumilia ukame wa mwanzo, lakini kwa bei ya mbegu ilivyo, ukipewa nafasi ya kuchagua chukua gunia la vidogo au vya kati. Na usikate kiazi kikubwa vipande viwili ili kijaze mashimo. Kisu kimoja kinaweza kusambaza bakteria kutoka kiazi kimoja kwenda gunia zima, na kidonda kikizikwa kwenye udongo wa mvua huoza kabla ya chipukizi kutoka.

Ukivipekua, tafuta mambo manne. La kwanza ni udongo ulionata kwenye jicho la kiazi na hautoki kwa kidole; kata kiazi hicho upande ule kilikoshikana na mama yake, uone kama kuna duara la kahawia karibu na ganda. Kikamue. Kikitoa uji mweupe kama maziwa yaliyoganda, huo ni mnyauko bakteria, na gunia lote lirudi dukani pamoja na lebo yake. La pili ni vishimo kwenye macho vyenye uchafu mweusi kama unga wa kahawa, ambayo ni kazi ya nondo wa viazi. La tatu ni madoa meusi yaliyoganda juu ya ganda, yanayofanana na tope lakini hayatoki hata ukiosha. Hayo ni kuvu. Viazi vichache vya namna hiyo vitenge, vikiwa vingi lalamika. La nne ni machipukizi, na hapa Shangi ina mambo yake.

Shangi hailali

Aina nyingi za viazi hulala miezi miwili au mitatu baada ya kuvunwa kabla ya kuchipua. Shangi hailali hata mwezi. Kwa mkulima anayepanda misimu miwili kwa mwaka hii ni neema, kwani anavuna Julai na mbegu iko tayari kabla ya vuli. Kwa anayenunua gunia na kuliacha stoo akisubiri mvua ni hasara. Ndani ya gunia lililofungwa, gizani, machipukizi hutoka meupe, marefu na laini kama tambi, yakasokotana. Ukivuta kiazi kimoja unakata machipukizi ya vitatu. Kiazi kilichokatika machipukizi mara mbili au tatu kimeshachoka. Shina litakalotoka ni moja jembamba, na chini yake viazi vitatu.

Kwa hiyo mbegu ikifika itandazwe siku hiyohiyo kwenye trei za mbao, au kwenye vichanja vya fito, safu mbili za viazi au tatu, mahali penye mwanga hafifu na hewa inayopita. Baraza yenye paa inafaa. Jua la moja kwa moja hapana, na juu ya sakafu ya saruji kando ya magunia ya mbolea hapana pia. Mwanga huo mdogo ndio unaofanya chipukizi liwe fupi, nene, la kijani au zambarau, la sentimita moja hadi moja na nusu, lisilovunjika kirahisi. Kiazi kitageuka kijani. Kwa mbegu hilo halina madhara na hata panya hawakipendi sana, ila kisirudi tena jikoni. Kama kiazi kimetoa chipukizi moja tu kichwani na mengine yamelala, livunje hilo mapema, na baada ya siku kumi hadi kumi na nne macho ya pembeni yataamka. Fanya hivyo mara moja tu.

Udongo uandaliwe kabla ya gunia kununuliwa

Malalamiko mengi juu ya mbegu ya lebo huwa ni malalamiko juu ya shamba. Mbegu safi ikipandwa penye bakteria hunyauka kama ile ya sokoni, ila kwa gharama kubwa zaidi. Uliza kwanza: kipande hiki kilipandwa nini? Kama msimu uliopita kilikuwa na viazi, nyanya, pilipili hoho, biringanya au mnavu, hamia kingine. Viazi virudi hapo baada ya misimu mitatu au minne ya mahindi, maharagwe, kabichi, vitunguu au karoti, na vile viazi vinavyojiotea vyenyewe katikati ya mahindi ving'olewe kila vinapoonekana, maana hivyo ndivyo vinavyoulisha ugonjwa wakati wewe unadhani udongo unapumzika. Kenya ina adui mwingine aliyethibitishwa mwaka 2015, minyoo wadogo wa mizizi ya viazi wanaojifungia ndani ya vifuko vya rangi ya dhahabu. Mayai yake hukaa udongoni miaka mingi na husafiri kwenye matope ya viatu na majembe. Dawa ya kumwondoa kabisa mkulima mdogo hana, kwa hiyo ukiazimwa jembe uma, lioshe kabla na baada.

Ukiwa na kipande safi, lima mwezi au miezi miwili kabla ya mvua, yaani Januari na Februari kwa masika. Chimba sentimita 25 hadi 30 kwa jembe uma na utoe sangari na ndago kwa mkono, mzizi kwa mzizi. Jembe la kawaida huzikatakata na kuzizidisha. Sangari haishindanii chakula tu. Ncha zake kali hutoboa kiazi upande mmoja zikatokea wa pili, na kiazi hicho mama mboga hakichukui. Jua la kiangazi likaushe mabonge na kuwaanika mafunza weupe ili ndege wafaidi. Lima mara ya pili mvua inapokaribia, ulainishe, lakini usifanye udongo kuwa vumbi. Vumbi likinyeshewa hushikana kama sakafu na hewa haiingii.

Samadi iwe imeoza hadi haina harufu, kilo moja kwa mita mraba, ambayo kwa bustani yetu ya mita 15 kwa 15 ni kilo 225, toroli nne au tano zilizojaa. Samadi mbichi huleta mafunza, na pamoja nayo ukurutu, yale magamba magumu kwenye ganda. Chokaa usimwage kwa mazoea. Viazi hupenda udongo wenye tindikali kidogo, pH 5 hadi 6. Juu ya hapo ukurutu unashamiri. Udongo wa maeneo mengi ya chai na viazi umeshuka chini ya 5 kwa sababu ya mbolea ya kupandia ya DAP ya miaka mingi, na hapo chokaa ina kazi, lakini kiasi kiamuliwe na kipimo cha udongo, na imwagwe wiki kadhaa kabla ya mbolea.

Kupanda

Chora mistari kwa kamba, sentimita 75 kutoka mmoja hadi mwingine. Wenye bustani ndogo hushawishika kubana hadi 50 ili wafaidi nafasi, kisha wakati wa kupandishia udongo hawana udongo wa kuchota. Mfereji uwe na kina cha sentimita 10 hadi 15. Mbolea ya kawaida inayopendekezwa ni DAP, kilo 200 kwa ekari, ambayo kwa bustani hii ni kilo 11, kama gramu 550 kwa kila mstari wa mita 15. Anayepanda kwa mashimo hutumia vifuniko viwili vya soda kwa shimo. DAP pekee haina potasi kabisa, na kiazi ni mlaji mkubwa wa potasi. Tunapendelea nusu kwa nusu, kilo 5.5 za DAP na kilo 5.5 za NPK 17:17:17 yenye potasi, hasa penye udongo uliochoka. Aliye na jivu la kuni na alimwage pia, kwa kiasi.

Mbolea ichanganywe na udongo kwa kijiti au ncha ya jembe kabla kiazi hakijashuka. Chipukizi likigusa chembe tupu za DAP huungua ncha, na utaona mashimo matupu mstarini wiki tatu baadaye, ndipo lawama zinapoelekezwa kwa aliyeuza mbegu. Weka kiazi machipukizi yakitazama juu, funika, inua tuta dogo. Udongo uwe na unyevu. Mbegu kwenye vumbi kavu, ikisubiri mvua iliyotangazwa redioni, huliwa na mchwa au hukauka chipukizi. Na mvua ikishakolea hadi udongo unanata kwenye jembe, subiri siku mbili. Kiazi kwenye tope huoza.

Mimea hutokea juu ndani ya wiki mbili hadi tatu, Shangi mapema kuliko nyingi. Ikifika sentimita 15 hadi 20, palilia na upandishie udongo kwenye mashina. Rudia baada ya wiki mbili au tatu, kabla matawi hayajafunga njia, hadi tuta liwe na urefu wa sentimita 25 hadi 30. Shangi huzaa karibu na juu ya udongo, na kazi hii ikifanywa nusunusu viazi huchungulia jua, hugeuka kijani na kuwa na sumu, na nondo hupata pa kutagia. Maji ndiyo yanayoamua mavuno tangu maua yanapochungulia. Kiangazi cha siku kumi wakati huo huonekana kwenye mizani.

Penye udhaifu

Mahali pabaya zaidi pa Shangi ni ukungu wa majani, bakajani chelewa. Lebo haina la kusema juu yake, kwani mbegu safi haizuii mbegu za ukungu zinazopeperuka kutoka shamba la jirani. Dalili ya kwanza ni doa lenye majimaji kwenye ukingo wa jani la chini, kijani kilichoiva kupita kiasi, kisha kahawia. Geuza jani hilo asubuhi na mapema kabla umande haujakauka: utaona utando mweupe mwembamba ukizunguka doa. Umande ukishakauka huuoni tena, na ndiyo maana wanaokagua shamba saa sita mchana husema hakuna kitu. Katika Juni ya mawingu, baridi na manyunyu, Shangi isiyopuliziwa dawa huisha ndani ya wiki moja hadi siku kumi, na shamba hunuka kama mboga iliyoozea ndooni.

Anza na dawa ya kinga yenye mankozebu mimea ikiwa na kimo cha sentimita 15, rudia kila siku 7 mvua ikiwa nyingi, kila siku 14 kukiwa na jua. Kipimo cha kawaida ni kama gramu 50 kwa bomba la lita 20, ila kilichoandikwa kwenye pakiti uliyonunua ndicho cha kufuata. Dawa zinazoingia ndani ya jani, zenye metalaksili au simoksanili, ziwekwe akiba kwa wiki mbaya, zisizidi mara mbili au tatu kwa msimu. Ukizitumia kila wiki unaufundisha ukungu kuzizoea. Pulizia chini ya majani pia. Wengi huosha juu tu. Mtu asiyetaka kushika bomba kabisa asipande Shangi wakati wa masika. Apande vuli, au achague aina nyingine.

Mnyauko hautibiki kwa dawa. Mmea unanyong'onyea mchana majani yakiwa bado ya kijani, jioni unajirudi kidogo, baada ya siku chache haujirudi. Kuhakikisha ni rahisi: kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Uzi mweupe kama moshi ukishuka kutoka penye mkato ndani ya dakika chache, ndio huo. Ng'oa mmea, viazi vyake na udongo unaouzunguka, beba kwa ndoo, zika mbali na bustani na mfereji wa maji. Kuurushia kwenye lundo la mboji ni kuuhifadhi kwa ajili ya mwakani.

Kule Kinangop na maeneo jirani, sakitu, ule umande unaoganda usiku, ya Januari na Februari huunguza kila aina, yenye lebo na isiyo na lebo.

Mavuno na jikoni

Shangi hukomaa kwa kama miezi mitatu. Majani yakianza kuwa manjano, fyeka mashina yote na uache viazi udongoni wiki mbili. Wenye haraka huruka hatua hii, na viazi vyao huchubuka ganda kabla havijafika sokoni. Jaribu kwa kidole gumba: ganda likiteleza, bado.

Ukipata tani 20 kwa hekta, kiwango ambacho bustani inayotunzwa hukifikia bila miujiza, mita 15 kwa 15 zitakupa kilo 450, yaani magunia tisa ya kilo 50 kwa gunia moja la mbegu. Mashamba mengi ya mbegu ya kurudia hupata nusu ya hapo au chini. Hesabu yako ya bei ifanye hapo: tofauti ya magunia manne kwa bei ya soko la kwenu, toa bei ya mbegu na dawa. Bei ya viazi ikiporomoka kama inavyofanya mavuno ya Nyandarua yanapoingia kwa pamoja, faida ya mwenye bustani ni kula tu, kwa sababu Shangi haimruhusu kungoja bei ipande. Baada ya wiki chache stoo imechipua.

Jikoni haina mpinzani wa bei yake. Inaiva upesi, kuni au gesi haziishi, na kwa mukimo inapondeka bila mabonge. Kwenye pilau au mchuzi mrefu itie mwishoni, vinginevyo inameguka. Chipsi za mjini nyingi ni Shangi, na ziko sawa zikikaangwa viazi vikiwa vipya. Ukiviweka kwenye friji, baridi hugeuza wanga kuwa sukari na chipsi hutoka za kahawia na chungu. Macho yake yana kina, kwa hiyo kumenya kunapoteza nyama nyingi. Krispi hazifai.

Nini kingine cha kununua

Anayetaka krispi atafute Dutch Robijn, ganda jekundu, inayolimwa sana Bomet. Inalala muda mrefu zaidi stoo, lakini nayo ukungu inauogopa. Unica, iliyoingizwa Kenya mwaka 2016, ina ganda la waridi, macho ya juujuu, inavumilia joto na virusi kuliko Shangi, na ndiyo tungempa mtu wa mwinuko wa chini wa kanda ya viazi. Tanzania, tafuta lebo ya TOSCI, taasisi ya huko inayothibitisha mbegu, na aina kama Asante, Meru, Mkanano au Sherekea zilizotoka kituo cha utafiti cha Uyole. Sherekea hasa kwa anayesumbuliwa na ukungu.

Kwa bustani ndogo sana kuna njia nyingine ambayo inastahili kujulikana zaidi: miche ya vikonyo. Hii ni ncha za mimea safi ya maabara zilizooteshwa mizizi ndani ya nyumba ya wavu, na Stokman Rozen ya Naivasha ni miongoni mwa wanaoiuza. Mche mmoja ni ghali kuliko kiazi kimoja cha mbegu, lakini uko karibu zaidi na maabara, kwa hiyo ni safi kuliko gunia lolote. Miche mia ikipandwa kwenye mita 22 za mraba na kila mmoja ukatoa viazi kumi, una viazi 1,000 vya mbegu msimu ujao, sawa na gunia zima. Inahitaji kumwagiliwa kila siku kwa wiki mbili za mwanzo na kivuli chepesi kwa siku chache. Asiye na maji ya bomba au tangi aachane nayo.

Mbegu yako mwenyewe kutoka gunia la lebo unaweza kuirudia misimu miwili hadi mitatu, mradi usichague mabaki ya sokoni. Mimea ikiwa kwenye maua, kabla haijaanza kuzeeka, pita mistarini ukachomeke kijiti kwenye kila mmea wenye mashina mengi, majani bila mikunjo wala mabaka ya manjano, na majirani wenye afya. Pita tena wiki mbili baadaye, uondoe vijiti kwa iliyobadilika. Siku ya kuvuna, chimba yenye vijiti kwanza, shimo kwa shimo, uache yenye viazi vitatu hata kama ni vikubwa. Kuwa mwangalifu zaidi na mbegu inayotoka kwa rafiki wa juu sana kuliko kwenu: kwenye baridi bakteria hukaa kimya ndani ya kiazi, mmea ukaonekana mzima, ukishushwa kwenye joto unanyauka.

Kuhusu upatikanaji, mbegu ya lebo haitoshi nchini na wanaofika Machi mwanzoni hukuta imekwisha. Weka oda Novemba au Desemba kwa ajili ya masika, Juni au Julai kwa ajili ya vuli, na umwombe mzalishaji tarehe ya kuvuna fungu lako. Kwa Shangi, gunia lililovunwa wiki nne hadi sita kabla ya siku yako ya kupanda ndilo la kulichukua. Likiwa na miezi mitatu, omba kulifungua mbele ya muuzaji.